Mistari ya wino kuharibika ukipaka rangi kwenye kompyuta: nilivyotoka kwenye shida hiyo

Mdogo wangu wa Ipuli, Tabora, umesema unachora kwa kalamu ya wino, unapiga picha kwa simu, halafu ukimwaga rangi kwa ndoo ya GIMP, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, mistari inaota meno ya msumeno na kando yake panabaki uzi mweupe. Mimi niko Mwanga, Kigoma, na shida hiyo nimekaa nayo muda mrefu.

Kilichonifungua macho ni mchoro wa MV Liemba wa kuweka kwenye fulana. Meli ile ina kamba na vyuma vyembamba vingi. Nilipokuza picha nikaona kijivu pembeni ya wino, nikadhani ni uchafu wa karatasi. Nikageuza kila kitu kiwe ama cheusi tii ama cheupe pee. Kwenye skrini, picha ikiwa ndogo, ilipendeza. Fulana zilipotoka, kamba zimekatikakatika na ubavu wa meli kama umekatwa kwa mkasi butu. Mteja alizipokea, ila nilimwona alivyoutazama ule ubavu, na niliumia.

Kile kijivu si uchafu. Pikseli, yaani kitone kidogo kabisa kinachounda picha, ni mraba, na mkono wako hauchori miraba. Pikseli ya ukingoni imeguswa na wino nusu na karatasi nusu, kwa hiyo inapata rangi ya katikati, na jicho linaona mstari laini. Ukiifuta, unabaki na ngazi. Ukimwaga rangi kwenye leya (tabaka la picha) ileile ya mchoro, ndoo ikifika kwenye kijivu inasimama, maana pale si peupe tena. Huo ndio uzi wako. Ukiilegeza ndoo ivuke, inameza kijivu na mstari unakonda. Usipoteze usiku kutafuta namba sahihi ya kuilegeza kama nilivyofanya mimi, haipo.

Rangi isiguse kabisa leya ya mistari. Mchoro uweke juu, leya yake uipe hali ya Multiply: nyeupe inatoweka, nyeusi inabaki, kijivu kinachanganyika na rangi iliyo chini. Kisha fungua leya tupu chini yake, rangi zote ziishi humo. Mimi huchagua eneo kwanza nikiwa kwenye leya ya mchoro, nalitanua pikseli mbili au tatu kwa Grow, nashuka leya ya chini ndipo namwaga. Rangi inaingia chini ya wino kama mkeka uliosukumwa chini ya kitanda; ukingo wake hauonekani. Kama mstari wenyewe ni mwembamba sana, tanua pikseli moja tu, isije ikatokeza upande wa pili.

Ukitaka mistari yenyewe iwe na rangi, tuseme kahawia kwenye uso wa mtu, tumia Color to Alpha kuondoa weupe, funga uwazi wa leya hiyo, kisha pitisha brashi. Rangi itashika penye wino tu, na kijivu kitabaki kama wino mwepesi. Hii naipenda kuliko zote, nyuso zinapata uhai.

Simu nayo inakuponza, kwa sababu ya vivuli. Nenda stesheneri wakuskanie kwa nukta 600 kwa inchi. Karatasi ya A4 itakupa kama pikseli 4960 kwa 7016. Fanya kazi katika ukubwa huo, upunguze mwishoni kabisa. Kwenye Levels, pale pa kurekebisha weusi na weupe wa picha, sogeza upande wa nyeupe mpaka karatasi itakate na upande wa nyeusi mpaka wino ukolee, lakini usivisogeze vikakutana, maana utarudi kulekule kwenye meno.

Skani ihifadhiwe kama faili la PNG, kazi yenye leya kama XCF, faili la GIMP yenyewe. JPEG hutia vumbi pembeni ya mistari. Wakikutumia kwa WhatsApp, waambie waitume kama dokumenti.

Ukikwama, weka hapa kipande cha mchoro kabla hujakitia rangi, nikione kijivu chake.