Intarapti ya wachidogi inayoigandisha bodi ikiamka

SWALI: Nimeandika draiva ya Linux ya taima ya wachidogi kwenye chipu yetu, ile inayoiwasha bodi upya isipolishwa, yaani hesabu yake isipoanzishwa upya kwa wakati. Muda wake ni sekunde 60, na intarapti (ishara ya kuikatiza prosesa) ya onyo huja sekunde 10 kabla ya bodi kujiwasha upya. Bodi hulala vizuri, ila mara nyingine ikiamka inaganda papo hapo. Nikiizima intarapti hiyo, tatizo linakwisha. Je, niongeze IRQF_NO_SUSPEND, alama inayoiambia kerneli (kiini cha Linux) isiifunge intarapti wakati wa kulala?

JIBU: Usiiongeze, tafadhali. Itaiacha intarapti wazi wakati draiva yako imeshalala, na wala haihakikishi kwamba bodi itaamshwa.

Tazama kerneli inavyolala. Huanza kwa kusimamisha programu za watumiaji, ikiwemo ile inayoilisha wachidogi. Kisha huita `suspend` yako, fanksheni ya kulaza kifaa, ambamo bila shaka unazima kloki yake, yaani mapigo yanayokiendesha. Baada ya hapo ndipo hufunga intarapti. Wachidogi isiyosimama usingizini inaendelea kuhesabu, na onyo lake linabaki likisubiri. Bodi ikiamka, kerneli hufungua intarapti mara tu baada ya `resume_noirq`, hatua ya kuamsha vifaa intarapti zikiwa bado zimefungwa, kabla `resume` yako ya kawaida haijaitwa. Fanksheni yako ya intarapti inakimbilia rejista za kifaa kisicho na kloki, na chipu nyingi huganda hapohapo. Ndiyo maana hutokea mara nyingine tu: lazima uamke kati ya sekunde ya 50 na ya 60 tangu wachidogi ilipolishwa.

Ndani ya `suspend`, ita `disable_irq()`, inayofunga intarapti, kabla ya kuzima kloki. Kerneli huhesabu kila kufunga, kwa hiyo ikifungua kwa upande wake, kufunga kwako kunabaki. Ndani ya `resume`, washa kloki, ilishe wachidogi, futa biti ya onyo (inayoonyesha kwamba onyo limetolewa), na mwisho kabisa uite `enable_irq()`. Kerneli inaweza kukurudishia intarapti iliyokuwa ikisubiri hata biti ikiwa imefutwa, basi fanksheni yako iisome biti kwanza. Ikikuta sifuri, irudishe IRQ_NONE, yaani intarapti hiyo si yake.

Kujaribu, ilishe wachidogi kisha papo hapo andika `rtcwake -m mem -s 55`, amri inayoilaza bodi na kuiamsha baada ya sekunde 55. Draiva ya sasa itaganda, iliyorekebishwa itaamka.

Kama usingizi wenu ni wa saa nzima, hayo hayatoshi, maana bodi itajiwasha upya. Soma `imx2_wdt`, draiva ya chipu za i.MX. Wachidogi yake ikishawashwa haizimiki, hivyo draiva hurefusha muda hadi sekunde 128 na kuilisha kabla ya kulala, kisha hurudisha muda wa awali. Pia huweka biti ya WDZST, inayosimamisha hesabu katika usingizi mzito. Biti hiyo huandikwa mara moja tu baada ya chipu kuwashwa upya, kwa hiyo kagua kama programu ya kuwashia bodi haijakutangulia kuiandika.