Mabingwa wa simu, lakini faili zinawapotea

SWALI: Nina miaka 56, nafundisha kompyuta chuo cha ufundi. Asubuhi nina vijana waliomaliza kidato cha nne, jioni watu wazima wa maofisini. Vijana simu haiwatoki mkononi, lakini wakiandika barua leo, kesho wananiambia, "Mwalimu, kazi yangu imefutika." Watu wazima nao hawagusi kitufe bila kuniita. Si tunaambiwa vijana wa siku hizi wamezaliwa na teknolojia? Niwafundisheje?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Mara nyingi barua ya huyo kijana ipo, ila hajui aliiweka wapi. Kwenye simu hajawahi kuulizwa swali hilo: picha anaikuta kwenye programu ya picha, ujumbe anaukuta WhatsApp. Folda zimo humo ndani ya simu, lakini hazioni. Kwenye kompyuta anafungua Word, anatazama orodha ya kazi za karibuni, na kama leo amekaa mashine nyingine, haoni kitu. Kwake hiyo ni kufutika.

Hayo maneno ya kuzaliwa na teknolojia yalienezwa na Mmarekani Marc Prensky mwaka 2001. Aliwaita vijana wenyeji wa dijitali, na wakubwa wahamiaji. Mimi naona yametuumiza sana walimu, maana yametufanya turuke misingi tukidhani inajulikana. Upimaji wa kimataifa wa ICILS wa 2018, uliofanyiwa wanafunzi wa darasa la nane, ulikuta kwa wastani asilimia 2 tu ndio waliofika ngazi ya juu kabisa ya kutumia kompyuta. Kwa hiyo usiwagawe kwa umri. Angalia mtu alijifunzia kifaa gani.

Kwa vijana, kipindi cha kwanza usianze na Word. Kila mmoja atengeneze folda yenye jina lake. Ndipo aandike sentensi moja, aihifadhi humo, afunge kila kitu, kisha aitafute kwa kuanzia kwenye folda. Akiipata, ainakili kwenye flashi, afute ile ya kwenye mashine, halafu aifungue ya kwenye flashi kwenye kompyuta ya jirani. Hapo ndipo wengi wanaelewa kwamba faili ni kitu chenye mahali pake, na kwamba nakala si kivuli cha ile ya kwanza. Usiharakishe zoezi hili hata likimaliza kipindi kizima.

Watu wazima suala la folda haliwasumbui sana. Wamepanga majalada kabatini miaka mingi. Kinachowazuia ni hofu ya kuharibu. Waanzishe na vitufe vya Ctrl na Z, vinavyobonyezwa pamoja kurudisha kilichofutwa: wafute aya nzima makusudi, wairudishe, warudie mpaka mkono uzoee. Madaftari yao usiwanyang'anye, ila wasiandike "bonyeza cha tatu kutoka kushoto", kwa sababu toleo likibadilika maelezo hayo yanakufa. Waandike wanachotafuta: "mahali pa kuhifadhi". Hawa hawa wanatuma fedha kwa simu kila siku bila kukosea namba, kwa hiyo uwezo wanao.

Jambo moja la kukagua kabla ya yote: maabara nyingine zina programu inayorudisha mashine kama ilivyokuwa kila inapowashwa upya. Muulize fundi wenu. Kama ipo, basi kijana anasema kweli, kazi imefutika, na itabidi kila mmoja awe na flashi au folda kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya chuo.