Randa kwa seremala, mwiko kwa nani? Maswali ya uhusiano wa maneno

Mwanangu wa darasa la sita anajua maana za maneno, lakini akipewa "kuku kwa kifaranga ni kama ng'ombe kwa …?" anakosa. Tatizo liko wapi?

Anakimbilia majibu. Macho yakishatua kwenye A, B, C na D, neno lolote linalokaa karibu na ng'ombe linamvuta: maziwa, zizi, fahali. Mwambie afunike majibu kwa kiganja, kisha aseme sentensi kamili inayounganisha jozi ya kwanza: "Kuku ni mzazi wa kifaranga." Sentensi hiyohiyo aihamishie kwenye jozi ya pili: "Ng'ombe ni mzazi wa …" Ndama atakuwa ameshamjia mdomoni kabla hajaondoa kiganja.

Sentensi iwe na maana ya kubana. "Kuku ana kifaranga" haifai kitu, maana ng'ombe naye ana maziwa, ana pembe na ana zizi. Na aangalie nani katangulia. Majibu yakija kwa jozi, "ndama : ng'ombe" ni kosa hata kama maneno ni yaleyale, kwa kuwa mtoto amewekwa mbele ya mzazi.

Randa : seremala :: mwiko : ? Majibu ni mpishi, mwashi, sufuria, ugali. Darasa limegawanyika kati ya mpishi na mwashi.

Limegawanyika kwa haki. Sufuria na ugali vinatoka mapema, kwani nafasi inataka mtu. Lakini mwiko ni neno moja lenye vifaa viwili: wa mpishi wa kusongea ugali, na wa mwashi wa kutandazia saruji na kupigia lipu. Ukisema tu "randa ni kifaa cha seremala", wote wawili wanapita.

Basi kaza sentensi: "Randa ni kifaa anachotumia seremala kusawazisha uso wa kazi yake." Mwashi anasawazisha lipu kwa mwiko wake, mpishi anasonga na kukoroga. Jibu ni mwashi. Kukaza huku ndiko kunakohitajika kila mara majibu mawili yanapong'ang'ania nafasi moja: ongeza kazi ya kitu, mahali au wakati, mpaka mmoja aanguke. Hata hivyo, mtunzi makini asingewaweka mpishi na mwashi kwenye orodha moja.

Maneno yenye maana zaidi ya moja ndiyo mtego unaopendwa kuliko yote. Katika "tembo : mgema :: samaki : mvuvi", anayemfikiria yule mwenye mkonga hafiki popote. Hapa tembo ni pombe ya mnazi.

Funga : fungua ni kama (A) kama : kamua, (B) ziba : zibua au (C) pasa : pasua? Yote yanaishia na -ua!

Ndiyo maana yamewekwa. Linganisha maana kwanza, sura baadaye. Sentensi ni: "Ukishafunga, unarudisha hali ya awali kwa kufungua." Ukishaziba tundu, unarudisha hali ya awali kwa kulizibua, hapo panakubali, na ndiyo kauli ya kutendua. Kukama na kukamua kote kunatoa maziwa, hakuna kilichotenduliwa. Pasa ya "inakupasa kwenda" haina undugu wowote wa maana na kupasua kuni.

Kwa upande wa pili, chomeka : chomoa inafaa ingawa miisho haifanani na ya funga : fungua. Penda : chukia ni kinyume tu: anayechukia hajaenda kufumua kazi iliyofanywa na kupenda. Ikikutana na ziba : zibua kwenye orodha moja, iache.

Ukuta : kuta :: ua : ? Maua au nyua?

Nyua. Uhusiano si umoja na wingi peke yake, ni umoja na wingi ndani ya ngeli ileile. Ukuta huu, kuta hizi; ua huu wa nyumba, nyua hizi. Ua hili la waridi lina njia yake: maua haya. Ukiwa na shaka, weka huu, hili au hiki mbele ya neno, ngeli itajisema.

Mtamba : ng'ombe :: ? : kuku. Majibu ni jogoo, koo, tembe, kifaranga. Nifanyeje kama mtamba silijui?

Rudi kinyumenyume. Tengeneza sentensi kutokana na kila jibu, uone kama nafasi ya mtamba imeshachukuliwa na neno unalolijua. Jogoo ni kuku dume. Ng'ombe dume ni fahali, kwa hiyo mtamba hawezi kuwa huyo. Kifaranga ni mtoto wa kuku. Mtoto wa ng'ombe ni ndama. Wawili wameondoka, na kubahatisha sasa ni nusu kwa nusu badala ya robo.

Anayejua kwamba mtamba ni ng'ombe jike asiyewahi kuzaa anamaliza kazi: koo ameshaanza kutaga, tembe bado. Jibu ni tembe. Maneno ya namna hii (mfarika wa mbuzi yumo pia) yanafaa kukaririwa kwa jozi. Ukikariri moja moja, uhusiano wenyewe hauushiki.

Ni kweli kompyuta hutatua maswali haya kwa hesabu?

Kweli. Kila neno hugeuzwa kuwa safu ya namba, mara nyingi mamia, kulingana na maneno yanayoandamana nalo. Mfano uliotamba mwaka 2013 kwa word2vec, programu ya Google ya kugeuza maneno kuwa namba, ulikuwa wa Kiingereza: mfalme, toa mwanamume, ongeza mwanamke, unapata malkia. Lisilosemwa sana ni kwamba programu huzuiwa kujibu kwa neno lililomo kwenye swali; isipozuiwa, mara nyingi humrudisha mfalme yuleyule. Kiswahili kinaisumbua zaidi: ninafunga, hatukufunga na wamefunga huhesabiwa kama maneno matatu tofauti, mpaka programu ifundishwe kuyakata vipande.