Rodi ya futi saba itafikaje Makangale?

MASWALI YA WASOMAJI

Assalaam alaykum, Ami. Mimi ni kijana wa Makangale, Pemba, nina boti ndogo ninayochukulia wageni kuvua katika mkondo wa Pemba. Kaskazi iliyopita nilivua na mgeni wa Uingereza. Mgongo umemsumbua, ameacha uvuvi, na anataka kuniuzia rodi zake nne za kuvulia kwa bei ya kirafiki. Mbili zinakatika kati, yaani zinafunguka vipande viwili, mbili ni za kipande kimoja, futi saba kila moja. Alipoulizia kampuni ya vifurushi vya haraka akatajiwa bei inayokaribia thamani ya rodi zenyewe. Akenda posta ya kwao, wakamwambia zile mbili ndefu hazipokelewi kabisa. Huku kwetu rodi za kurambazia, za kuvuta chambo nyuma ya boti, za namna hii hazipatikani madukani, na zangu mbili zimevunjika ncha. Nifanyeje?
Msomaji, Makangale

Wa alaykum salaam, mwanangu. Jambo hili linawasumbua wengi wenye boti za wageni, kuanzia kwenu hadi Nungwi na Kizimkazi, na linaniuma kwa sababu miaka yote niliyofanya kazi ya kutoa mizigo bandari ya Malindi, Unguja, nimeona vijana wakilipa fedha ambazo hazikuwa na ulazima.

Kwanza liache swali la kilo. Rodi nne ukizitia kwenye mizani hazifiki kilo nne. Msafirishaji anaangalia nafasi na urefu. Kampuni za vifurushi vya ndege huchukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakazidisha, kisha wakagawa kwa 5000. Jibu ndilo uzito wa ujazo, na likizidi uzito wa mizani unalipia hilo. Sasa chukua bomba la plastiki la inchi nne, ambalo kwa nje lina sentimita 11, likatwe sentimita 220 ili rodi yako ya sentimita 213 ikae na nafasi kidogo. 220 mara 11 mara 11, gawa kwa 5000: kilo tano na kitu. Hizo hazitishi. Kinachomaliza mfuko ni ada ya kipande kirefu, inayopandishwa juu ya nauli pale kifurushi kinapovuka mita moja, au mita moja na robo, kila kampuni na mpaka wake. Baadhi yao wana ada nyingine kwa kitu cha mviringo, maana kinabingirika kwenye mikanda yao ya kupitishia mizigo.

Ada hizo hutozwa kwa kila kipande. Mabomba manne ni ada nne, bomba moja lenye rodi nne ni ada moja. Kwa hiyo muulize mgeni wako alitajiwa bei ya vifurushi vingapi. Kama aliuliza rodi moja moja, arudi akaulize upya kwa bomba moja, na aseme urefu wa bomba, asiseme urefu wa rodi.

Posta walimwambia kweli. Kwa vifurushi vya ng'ambo, Parcelforce, tawi la vifurushi la posta ya Uingereza, kwa kawaida haichukui kinachozidi mita 1.5 kwa urefu, na urefu ukijumlishwa na mzingo, yaani mzunguko wa unene wake, usivuke mita 3. Futi saba ni mita 2.13, basi hapo hapana mjadala. Lakini zile mbili zinazokatika kati, kila nusu ni kama mita 1.10, na hizo zinaingia katika kipimo hicho, ila aulize kwanza kipimo cha kutuma Tanzania. Akizituma peke yake kwa posta utazipokea kupitia Shirika la Posta la kwetu. Gharama itakuwa ya kawaida, na mambo hayatachelewa sana. Njia ya barua ya Royal Mail isimshughulishe: kwa kitu cha mviringo mwisho wao ni sentimita 90, na hapo huingia rodi za safari tu, zile za vipande vitatu au vinne.

Kabla ya kukata tamaa na zile ndefu, azigeuze atazame chini ya kikalio cha rili, ile ya kuzungushia mshipi. Rodi nyingi za kurambazia zina mpini wa aluminiamu unaofunguka kwa kuzungusha nati kubwa. Mpini ukitoka, rodi hupungua karibu nusu mita. Ya futi saba itabaki kama mita 1.60, na bado posta wataikataa, ila ada ya kampuni ya haraka inaweza kushuka daraja. Msomaji mwenye rodi ya futi sita yenye mpini wa kufunguka, huyo posta anapita. Na nakuomba sana usikubali ushauri wa kuikata rodi ya kipande kimoja kisha fundi aiunge. Thamani yake yote imo katika namna inavyopinda kutoka nchani hadi mpinini, na siku samaki mkubwa kama nduaro atakapoishika, itavunjika pale pale kwenye kiungo.

Kwa hizo mbili ndefu mimi ningechagua bahari. Uingereza wapo mawakala wanaokusanya mapipa na maboksi ya jamaa zetu wanaotuma vitu nyumbani. Hujaza kontena moja, na wao hutoza kwa mita za ujazo, urefu hauwashughulishi. Fanya hesabu ile ile kwa mita: 2.20 mara 0.11 mara 0.11 ni mita za ujazo 0.027. Mabomba kama hayo 37 hayajafika mita moja ya ujazo! Utaona ajabu kwamba kitu kinachokimbiwa na posta, ndani ya kontena hakina hata mahali pa kuonekana: kinalala ubavuni mwa kabati la mtu. Tatizo ni kwamba mawakala wengi wana kiwango cha chini cha malipo, na bomba lako peke yake halikifikii. Basi mtafute mtu wa Pemba aliyeko huko anayetuma mzigo wake, London hawakosekani, muombe bomba lihesabiwe pamoja na vitu vyake, nawe mchangie. Njia hii hii ndiyo inayowafaa wanaonunua rodi mpya Dubai au Guangzhou. Wafanyabiashara wa Darajani wanaoleta bidhaa kutoka huko wanajua wakala yupi anajaza kontena na lini.

Bahari inataka subira. Kutoka Uingereza, ukijumlisha kungoja kontena lijae, safari na kutoa mzigo, weka miezi miwili hata mitatu. Mzigo ukiondoka Julai, jodari wa Agosti watakuwa washapita na pengine na wa Septemba, lakini nduaro wa Novemba hadi Machi utawakuta, na hao ndio wanaowaleta wageni wako.

Sasa kufunga. Hapa nitarefusha, kwa sababu nauli ya bei nafuu na rodi iliyovunjika ncha ni hasara tupu. Bomba la maji machafu la inchi nne linauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, huko kwao na hapa kwetu, na kifuniko chake pia. Rodi zipangwe kichwa kwa mkia, ncha ya moja ilale penye mpini wa nyingine, ili zisisagane pete za kupitishia mshipi. Ziongezwe na kijiti kimoja cha mbao kilichonyooka, kirefu kuliko rodi zote kwa vidole viwili, vyote vifungwe pamoja kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Bomba likianguka wima, kijiti ndicho kitakachogonga kifuniko na ncha zitasalimika. Kila pete izungushiwe kitambaa laini. Miisho yote miwili ijazwe sponji au nguo kuukuu, mpaka ukilitikisa bomba usisikie kitu. Rili zisikae humo. Ni nzito, na zikiteleza ndani ya bomba hufanya kazi ya nyundo. Zipelekwe katika boksi dogo lao.

Kifuniko cha upande mmoja kitiwe gundi, cha pili kifungwe kwa skrubu tatu na juu yake utepe wa gundi. Afisa wa forodha ana haki ya kufungua. Akiona skrubu atatumia bisibisi. Akikuta pande zote mbili zimegandishwa ataleta msumeno, na msumeno haujui rodi iko wapi. Anwani na namba ya simu ziandikwe juu ya bomba kwa kalamu ya wino usiofutika, na karatasi yenye maneno hayo hayo itiwe ndani, kwani lebo kwenye bomba la mviringo hubanduka upesi. Vipande viwili vya ubao vikifungwa chini kwa waya, bomba halitabingirika gatini.

Katika karatasi za mzigo aandike: rodi za kuvulia zilizotumika, idadi iliyomo, bei mliyokubaliana kweli, na namba ya ushuru 9507.10, ambayo ndiyo ya rodi. Rili ni 9507.30. Asiandike zawadi ilhali umelipa. Bei ikionekana haiaminiki, afisa hukadiria mwenyewe, na makadirio yake hayakuhurumii. Weka ujumbe wenu wa makubaliano na risiti ya malipo kwenye simu, tayari kuonyesha.

Iko njia moja nyepesi kuliko zote hizi nayo ni mtu anayekuja. Mashirika mengi ya ndege hupokea rodi kama vifaa vya michezo, ama ndani ya kilo za abiria ama kwa ada isiyo kubwa, mradi urefu uulizwe na kuandikishwa kabla ya safari. Ikiwa mgeni wako ana rafiki atakayekuja kuvua msimu ujao, abebe yeye. Ila umuonye mapema kuhusu ndege ndogo za kutoka Unguja kuja Pemba: mara nyingi mwisho ni kilo 15 katika begi laini, na bomba la mita mbili halina pa kulala. Ashukie Unguja, bomba lije kwa meli ya Malindi hadi Mkoani. Pale mchukuzi mpatane bei kabla hajalishika. Kutoka Mkoani juu ya keria ya daladala namba 603 hadi Chake, kisha 602 hadi Konde, lifungwe kamba sehemu mbili na kitambaa chekundu nyuma. Konde umpate mwenye gari ya mzigo anayeshuka kwenu.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi: mbili zinazokatika zije kwa posta mwezi huu, upate cha kuvulia. Mbili ndefu zisubiri mtu anayesafiri, na asipopatikana, kontena.

*

Ami, mimi nina duka la vifaa vya uvuvi Nungwi. Mteja wa Mwanza anataka rodi mbili za kipande kimoja, futi saba, lakini ananiambia gharama ya kutuma isizidi kiasi. Naogopa kumpoteza.
Msomaji, Nungwi

Mwanangu, usimpoteze, hili ni jepesi. Ndani ya nchi hatuhitaji hesabu za 5000. Bomba liende kwa meli hadi Dar es Salaam, limpokee mtu unayemuamini, alipeleke kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, kwenye ofisi ya vifurushi ya basi la Mwanza. Basi lina upana wa karibu mita mbili na nusu, na buti lake hupenya upande hadi upande, kwa hiyo bomba la sentimita 220 linalala kwa kukingama bila kukunjwa. Bei yao ni ya kupatana, na wanaangalia kama kitu kinawazuia kupakia masanduku. Bomba jembamba haliwazuii, mwambie mtu wako alisisitize hilo.

Alipatie bomba risiti yenye namba ya gari na simu ya kondakta. Lipigwe picha likiwa na futi ya kupimia ubavuni, kabla ya kuingia kwenye buti, umtumie mteja picha hiyo pamoja na ya rodi zikiwa nje ya bomba. Huko Mwanza mteja alifungue mbele ya watu wa ofisi ya basi, ndipo atie sahihi. Nauli ya meli na ya basi zitaje mbalimbali kwenye hesabu yako, aone mwenyewe kila shilingi imekwenda wapi.