Maswali ya Wasomaji: Picha Kubwa Ichapwe Nyumbani au Ipelekwe Maabara?

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mpiga picha wa harusi mjini Tanga. Kwa miaka mitano sasa picha zangu kubwa nazipeleka Dar es Salaam zikachapwe, nami husubiri siku nne, pengine wiki nzima. Zinaporudi, mara nyingi nyuso za maharusi zimepauka, na sikuzipiga hivyo. Nimeweka akiba ya kununua printa ya saizi ya A2. Wenzangu wananihimiza ninunue. Mke wangu anasema nisubiri kwanza. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, na wateja wangu huomba sentimita 40 kwa 60 au 60 kwa 90. Kwa mwezi huchapa picha kubwa tatu au nne. Naomba ushauri.

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, nakushukuru kwa kuandika vipimo vyako, kwa sababu ndivyo vinavyoamua. Kwa hali uliyoieleza, mke wako ana hoja, na nitakueleza kwa nini.

Anza na upana wa mashine yenyewe. Printa za picha ambazo mtu anaweza kuziweka mezani nyumbani, kama Epson SureColor P900 au Canon imagePROGRAF PRO-1000, zinapokea karatasi yenye upana wa inchi 17, yaani takribani sentimita 43. Humo ndimo inamoingia karatasi ya A2, yenye upana wa sentimita 42, na mpaka wa printa yako utakuwa hapo. Picha ya 60 kwa 90 haitapita humo kwa namna yoyote; inahitaji mashine ya inchi 24, kama Canon imagePROGRAF PRO-2100, ambayo husimama kwenye miguu yake na kula sehemu kubwa ya chumba. Hata ile ya 40 kwa 60 ina kikwazo kidogo ambacho wauzaji hawakitaji: karatasi ya A2 ina urefu wa sentimita 59.4, kwa hiyo utalazimika kuipunguza picha au kununua kifaa cha kushikia karatasi ya roli, ikiwa printa yako inakikubali. Pengine nusu ya kazi unazoombwa, basi, zingeendelea kusafiri kwenda Dar es Salaam hata baada ya kutumia akiba yako yote.

Kuhusu kamera, ondoa wasiwasi. Megapikseli 24 ni pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukizitandaza kwenye sentimita 60 unapata takribani pikseli 254 kwa kila inchi, na kwenye sentimita 90 unapata kama 169. Wengi wameshika kwamba bila 300 picha haifai, lakini namba hiyo ilitokana na picha inayoshikwa mkononi. Jicho zima linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyo mbalimbali kwa kadiri ya moja ya sehemu sitini za digrii. Kwa umbali wa sentimita 30 hilo ni sawa na pikseli 290 hivi kwa inchi, na kwa umbali wa mita moja zinatosha kama 87. Picha ya 60 kwa 90 inayotundikwa juu ya kochi hutazamwa kutoka mita moja na nusu au mbili. Hizo 169 zako zinamtosha hata mgeni aliyesogea hadi kama nusu mita kutazama urembo wa hina.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mtu angenieleza kabla sijanunua printa yangu ya kwanza. Printa ya picha haipendi kukaa bure. Wino hutoka kwenye matundu ambayo macho hayawezi kuyaona, na usipopita humo mara kwa mara hukauka. Nilisafiri wiki sita wakati wa masika, nikarudi na kukuta kila picha ina mistari, na rangi ya njano haitoki kabisa. Nilirudia kusafisha hedi, yaani sehemu yenye matundu hayo, kwa muda wa siku mbili, na kila usafishaji hufyonza wino na kuumwaga kwenye kisanduku cha taka kilichomo ndani ya mashine. Ilipopona, nilikuwa nimemaliza karibu nusu ya wino wote bila kuchapa picha hata moja ya kuuza. Printa yenye katriji kumi au kumi na mbili, kila moja ikiuzwa peke yake, haimvumilii mtu anayechapa picha tatu kwa mwezi. Umeme unaokatika huongeza tatizo: ukizima katikati ya kazi, hedi hubaki wazi bila kifuniko chake, na joto la pwani huikausha haraka. Anayenunua printa bila kununua kifaa cha kuhifadhi umeme amenunua nusu ya kitu.

Fanya hesabu hii kabla ya kwenda dukani. Picha zako nne kwa mwezi ni 48 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 144. Ondoa zile za 60 kwa 90, kwa sababu haziwezi kuchapwa hapo. Tuseme zinabaki 70. Bei ya printa igawe kwa 70. Ongeza karatasi, ongeza wino, kisha ongeza karatasi zitakazoharibika, nazo hazitakuwa chache katika miezi ya mwanzo. Namba utakayopata iweke kando ya bei unayolipa maabara sasa, pamoja na nauli ya kifurushi. Mtu anayechapa kila wiki, tena kwa saizi inayoingia kwenye mashine yake, hukuta hesabu inamkubali. Wewe bado hujafika huko.

Lakini malalamiko yako kuhusu nyuso nayachukulia kwa uzito mkubwa, na hayatatuliwi kwa kukuambia usubiri tu. Mashine nyingi za maabara zimewekewa marekebisho ya moja kwa moja: zinapima picha nzima, zinakadiria kwamba wastani wake unapaswa kuwa wa kijivu cha kati, kisha zinaipandisha mwanga au kuishusha. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, aliyesimama mbele ya pazia jekundu la ukumbini, huonekana kwa mashine kama kosa la giza, nayo humng'arisha hadi anapauka. Tatizo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitoka miaka ya 1990. Kumfanya bibi harusi awe na rangi isiyo yake kwenye picha atakayoitazama maisha yake yote ni kumkosea, na mpiga picha ana wajibu wa kulizuia hilo.

Unalizuia hivi. Unapopeleka faili, andika wazi kwamba hutaki marekebisho yoyote ya rangi wala ya mwanga, na usiishie kuandika; mpigie simu anayeendesha mashine umwambie kwa mdomo. Faili iwe katika mfumo wa rangi wa sRGB, isipokuwa maabara yenyewe imekupa profaili ya karatasi yake, yaani faili inayoeleza jinsi karatasi hiyo inavyoonyesha rangi. Kisha angalia kioo cha kompyuta yako, kwa sababu huenda sehemu ya lawama iko hapo. Vioo vingi hutoka dukani vikiwa na mwanga mkali kupita kiasi, na mtu akiipamba picha kwenye kioo cha namna hiyo huifanya iwe nyeusi bila kujua, na maabara nayo hushawishika kuing'arisha. Shika karatasi nyeupe kando ya kioo, katika chumba chenye mwanga wa kawaida wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, na upunguze mwanga wa kioo hadi weupe wake ukaribiane na wa karatasi. Hilo halilingani na kifaa cha kupimia rangi, lakini litakuondolea sehemu kubwa ya tatizo leo bila kulipa chochote.

Zaidi ya yote, usichapishe picha kubwa kabla ya majaribio. Chukua nyuso tano kutoka harusi tano, kila uso ukatwe ukiwa na ukubwa uleule utakaokuwa nao kwenye picha ya 60 kwa 90, uzipange zote kwenye karatasi moja ya 20 kwa 30. Ichapishe maabara, itazame dirishani wakati wa mchana, rekebisha, kisha rudia. Gharama ya karatasi mbili ndogo ni ndogo mno ukilinganisha na picha moja kubwa ya kutupwa. Baada ya hapo utakuwa unajua maabara hiyo inatafsiri vipi rangi zako, na akiba yako itakuwa bado iko benki.

Uliza pia picha yako inachapwa kwa mashine gani. Maabara nyingi za mijini zinazokupa picha baada ya dakika chache hutumia karatasi inayoathiriwa na mwanga na kusafishwa kwa kemikali, na upana wa karatasi hiyo kwa kawaida huishia inchi 12. Zaidi ya hapo kazi huhamishiwa mashine nyingine, na hapo ndipo wengine humpa mteja bango la fleksi wakaliita picha. Fleksi ni ya matangazo ya barabarani. Ukiisogelea utaona chembe zake, na ngozi ya mtu haitoki vizuri juu yake hata kidogo. Ikiwa maabara yako haiwezi kukuambia jina la karatasi inayotumia kwa saizi ya 60 kwa 90, tafuta nyingine.

Siku utakapokuwa unachapa kila wiki, au ukianza kuuza kazi zako mwenyewe kwenye karatasi nene ya pamba ambayo maabara za kwetu mara nyingi hazina, niandikie tena, na nitakuwa wa kwanza kukuhimiza ununue. Wino wa pigmenti, yaani wenye chembe ndogo za rangi, kwenye karatasi nzuri kwa kawaida hustahimili mwanga kwa muda mrefu kuliko picha za rangi za kemikali, na kusimama mbele ya mashine ukiiona kazi yako ikitoka taratibu ni furaha ambayo siwezi kuidharau.

SWALI: Hamjambo. Nyanya yangu alifariki mwaka jana, na familia hapa Mombasa imeniomba nitengeneze picha yake ya sentimita 60 kwa 90 ya kutundika sebuleni. Picha niliyo nayo nilitumiwa na binamu yangu kwa WhatsApp. Printa ya ofisini kwetu ni ya A3. Je, nigawanye picha vipande na kuviunganisha, au niende studio?

JIBU: Pole sana kwa kufiwa na nyanya. Usiunganishe vipande, kwa sababu mishono itaonekana, na printa ya ofisi haikutengenezwa kwa ajili ya nyuso. Lakini kabla hujafikiria studio, simama kwanza kwenye faili. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, mara nyingi hadi pikseli kama 1,600 upande mrefu. Kwenye sentimita 90 hizo ni kama 45 kwa inchi, na uso wa nyanya utakuwa laini kama ulioonekana kupitia pazia. Mwombe binamu yako aitume upya kama hati, ili ifike bila kupunguzwa.

Na kama binamu aliipiga kwa simu kutoka kwenye picha ya karatasi, basi itafuteni karatasi yenyewe, hata kama iko kwenye sanduku la shangazi aliye mbali. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi inatoa pikseli 2,400 kwa 3,600, ambazo zinatosha vizuri kwa sentimita 40 kwa 60. Ningeishawishi familia ikubali saizi hiyo badala ya 60 kwa 90. Uso ulio wazi kwenye picha ya wastani unamleta mtu karibu kuliko uso uliofifia kwenye picha kubwa. Ikiwa ni picha ya rangi ya zamani iliyogeuka kuwa nyekundu, usikate tamaa. Rangi ya samawati ndiyo iliyopauka, na fundi mzuri anaweza kuirudisha kwa kiasi kikubwa baada ya kuiskani.

Mwisho, kwa kuwa mnaishi karibu na bahari: picha isigusane na kioo cha fremu. Unyevu wa pwani huifanya ishikane nacho, na siku mkitaka kuitoa, uso wake utabaki kwenye kioo. Mwambie fundi wa fremu aweke kadi nene kuzunguka picha ili kuwe na nafasi katikati. Ikiwa imechapwa kwa wino, iacheni ikauke kwa saa 24 kabla ya kufungwa, na itundikwe kwenye ukuta wa ndani, usiopigwa na jua wala kunyeshewa na mvua kwa nje.