Pampu naongeza, mwanga mpya unashuka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, nakaa Kisauni. Kwenye kompyuta nimeunda njia ya mwanga ya silikoni: upana nanomita 500, kimo 220, urefu sentimita 2. Natia leza kali ya nanomita 1550 (ndiyo pampu) pamoja na mwanga dhaifu wa data wa 1545, na upande wa pili unatokea mwanga wa tatu, 1555. Lakini nikizidi kuongeza pampu, huo wa tatu unapanda, unakwama, kisha unashuka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea. Silikoni halisi ingekufanyia vivyo hivyo.

Tuanze na hesabu. Pampu iko terahezi 193.414, data 194.040. Fotoni (chembe za mwanga) mbili za pampu hutoweka na mbili nyingine huzaliwa: moja hujiunga na data, ya pili ndiye mgeni wako, ule mwanga wa tatu. Mara mbili ya pampu, toa data, unabaki na 192.788, yaani nanomita 1555.03. Kwa kuwa pampu huchanga fotoni mbili mbili, ukiipandisha desibeli 3 (yaani mara mbili) mgeni apande 6 (mara nne). Chora grafu ya mgeni dhidi ya pampu, mstari unapoanza kulegea ndipo ugonjwa ulipoingia.

Fotoni ya 1550 ina nishati ya elektronivolti 0.8. Elektroni ya silikoni yahitaji 1.12 kuruka pengo lake la nishati na kuwa huru, ndiyo maana fotoni mojamoja hupita salama. Lakini wewe umeubana mwanga kwenye kijia chembamba kuliko unywele mara mia na zaidi. Mle fotoni hukutana mbili kwa pamoja, zina 1.6, na elektroni huzimeza zote. Hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni kwamba elektroni iliyoruka, na tundu ililoacha, hazirudiani papo hapo. Huzurura nanosekunde kadhaa zikimeza fotoni zipitazo, za pampu, za data, hata za mgeni. Leza yako haizimiki, basi zinarundikana kama abiria wa Likoni feri moja ikiharibika: wanaofika ni wengi kuliko wanaovushwa.

Basi zivushe. Jenga dayodi ya p-i-n (kifaa cha umeme chenye tabaka tatu) kukingama hiyo njia, uipe volti kinyume, zifagiwe nje kabla hazijarundikana. Fotoni zitaendelea kumezwa mbili mbili, ila msongamano utapungua. Kuna wanaohamia juu ya nanomita 2200 hivi, ambako hata fotoni mbili hazifikishi 1.12. Sawa, lakini vikuzaji vya mwanga vya faiba yenye erbiamu hufanya kazi kwenye 1530 hadi 1565, na huko utakuwa mpweke. Mimi ningebaki 1550 nikatumia nitridi ya silikoni, ambayo pengo lake ni pana mno kwa fotoni mbili. Ni nzito kuamka, itataka njia ndefu iliyozungushwa kama konokono, lakini pampu utaiongeza bila hofu hii.

Hukuuliza, ila ujue: mgeni hubeba data yako ikiwa imegeuzwa fazi (hatua ya wimbi la mwanga), kama maandishi kwenye kioo. Data ya kuwasha na kuzima haidhuriki. Iliyoandikwa kwenye fazi, kipokezi lazima kiigeuze.

Kabla hujabadilisha chochote, zima elektroni huru kwenye programu yako, uchore grafu upya. Kilele kikisogea mbali kuelekea pampu kubwa zaidi, dayodi itakusaidia. Kisiposogea, niandikie tena, uambatanishe grafu zote mbili.