Kamera yangu iliingia maji nikiwa bado juu ya boti

Juzi usiku kijana mmoja wa Tanga kaniandikia: "Shikamoo kaka. Kasha langu la kuzamia na kamera limeingiza maji, kamera nimeifukia kwenye mchele siku ya pili sasa. Itapona?" Nilikaa na simu mkononi kitambo. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza miaka tisa iliyopita, na hakuna aliyenijibu.

Ilikuwa Mafia, msimu wa potwe, yaani papa nyangumi. Wageni wawili walinikodi siku nzima niwapigie picha: asubuhi potwe upande wa Kilindoni, mchana matumbawe ya Ghuba ya Chole. Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Potwe mmoja alinipitia chini karibu hivi kwamba ningeweza kuhesabu madoa ya mgongoni. Mchana, tumeshapanda boti ya pili kule Utende, nikafungua kasha nibadili betri. Boti inayumba, vidole vimelowa, nahodha ananisimulia habari za mpira. Nikaifuta oringi, ile pete ya mpira inayoziba mfuniko, kwa ncha ya taulo, nikafunga, nikaruka.

Sijafika hata mita 2 nikaona viputo vidogo vikitoka kwenye ukingo wa mfuniko. Nikajiambia ni hewa iliyonasa nje tu. Nikashuka. Kwenye mita 12 skrini ikazima.

Nilipofungua kasha ndani mlikuwa na maji ya kujaza kikombe cha kahawa. Na juu ya oringi ulikuwa umelala uzi mmoja mweupe wa taulo, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.

Kadi ilipona, picha za potwe wageni wakazipata, ila malipo wakayakata nusu. Hilo nililimeza. Lililonichoma ni bosi wangu wa wakati ule, aliyesema mbele yao kwamba vifaa vya namna hii si vya watu kama sisi. Neno lile ninalo hadi leo.

Na mimi nilikimbilia mchele. Mchele hunyonya unyevu, chumvi huiacha palepale ilipo. Siku ya tatu vitufe vilikuwa vinasaga kama vina mchanga, na kwenye betri kumeota kutu ya kijani. Kwa hiyo mdogo wangu wa Tanga, itoe leo. Betri nje, usijaribu kuiwasha, mpelekee fundi na umwambie wazi kwamba ni maji ya bahari.

Sasa nyinyi wengine nisikilizeni. Kasha halifungwi kwenye boti. Funga usiku, mezani, peke yako, feni umeizima kwa sababu inapeperusha nyuzi na vumbi. Oringi itoe kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa sindano wala kisu. Ipitishe taratibu kati ya vidole viwili. Punje ya mchanga ambayo jicho haliioni, kidole kitaikuta. Grisi paka kidogo tu, mpaka mpira ung'ae. Watu huipaka kama siagi kwenye mkate wakidhani ndiyo inayoziba. Kinachoziba ni mpira wenyewe kubanwa, na grisi ikizidi inakamata uchafu. Tena tumia grisi aliyoitaja mtengenezaji, maana oringi za silikoni huweza kuvimba zikipakwa grisi ya silikoni.

Usiogope kina peke yake. Kwenye mita 10 mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na maji yenyewe ndiyo yanaukaza mfuniko. Makasha mengi huvuja palepale juu, mpira haujabanwa sawasawa. Usiruke na kamera. Ingia kwanza, upewe. Kaa mita 1 au 2, ligeuze, litazame. Ukiona viputo vinafuatana, panda, kioo cha mbele kikiwa kimeelekea chini ili maji yatuame huko, mbali na kamera.

Ukitoka, liloweke kwenye maji yasiyo na chumvi kabla halijakauka, nusu saa, huku unabonyeza kila kitufe. Chumvi ikikauka huwa punje kali zinazokwangua mpira. Na lile pipa la kusuuzia kamera za watu wote kwenye boti, usiliache kasha lako humo likagongana na ya wenzako.

Kamera ya aina ileile niliitafuta, nikaipata iliyokwisha kutumika, na kasha ni lilelile. Nimepiga nalo mbizi zaidi ya mara 600 tangu siku ile, halijaingiza tone. Kesho tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Limeshafungwa, liko juu ya kabati, na nyumbani kwangu hata watoto wanajua haliguswi.